Kutoka Zahanati ya Kikosi hadi Wodi ya Kiraia: Mwongozo kwa Askari wa Tiba Wanaotafuta Kazi Mwanza

Mwongozo huu unamhusu askari aliyetumikia upande wa tiba jeshini, awe tabibu, muuguzi, mtu wa maabara, wa dawa, wa mionzi au mhudumu wa majeruhi, ambaye amemaliza utumishi au anakaribia kuumaliza na anataka kufanya kazi ya afya uraiani, hasa hapa Mwanza na katika wilaya zinazozunguka Ziwa Victoria. Niliipita njia hii mwenyewe, na baadaye nikakaa upande wa pili wa meza nikiwapokea wengine. Nimeona mara nyingi mtu mwenye mikono hodari akikaa nyumbani mwaka mzima, si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kukosa karatasi mbili tatu ambazo angezipata bila taabu akiwa bado kambini. Upungufu wa pili hujitokeza baada ya kuajiriwa: hajamzoea mgonjwa wa kiraia. Karatasi na mgonjwa ndiyo mambo yatakayochukua nafasi kubwa katika maelezo haya.

Hatua ya kwanza: Jua uraiani unaitwa nani

Jeshini mtu anayetibu huitwa "dokta" na kila askari wa kikosi, hata kama mafunzo yake yalikuwa ya miezi michache. Uraiani jina hilo halikusaidii. Mwajiri anataka kujua kada yako: je, wewe ni tabibu msaidizi, afisa tabibu, muuguzi, msaidizi wa maabara, mteknolojia wa maabara, mteknolojia wa dawa, mteknolojia wa mionzi, au fundi sanifu wa vifaa tiba? Kada haitokani na kazi ulizozifanya, inatokana na mafunzo uliyohitimu na ngazi yake. Ngazi ya 4 na ya 5 katika mfumo wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ni za cheti, na ngazi ya 6 ni stashahada.

Hapo ndipo askari wa tiba hugawanyika makundi mawili, na ni muhimu ujiweke katika kundi lako bila kujidanganya. Kundi la kwanza ni la waliosoma chuo kinachotambuliwa, kiwe cha jeshi au cha kiraia, wakapata cheti au stashahada yenye ngazi. Hawa kazi yao ni ndogo: wanahitaji kuhakikisha usajili wao uko hai. Kundi la pili ni la waliofundishwa kozi fupi za ndani, wakajifunza mengine kwa kusimama pembeni ya mkubwa wao usiku na mchana. Hawa wanaweza kushona jeraha vizuri kuliko mhitimu mpya wa chuo, lakini mbele ya sheria hawana kada. Nawasihi wasikate tamaa kwa neno hilo, maana hatua ya nne imeandikwa kwa ajili yao.

Hatua ya pili: Kusanya karatasi kabla ya kuvua magwanda

Anza angalau mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kuondoka. Ukiwa bado ndani, karani wa kikosi anakufahamu, mkuu wako wa tiba yupo ofisini kwake, na chuo kinajibu barua inayopitia ngazi za amri. Ukishatoka, unakuwa raia anayepiga simu langoni.

Omba kwanza vyeti vyako halisi vya taaluma pamoja na nakala rasmi ya matokeo inayoonyesha somo kwa somo. Hili nalisisitiza kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Barua ya kikosi inayosema "alihitimu kozi ya tiba" haiwezi kusimama mahali pa cheti. Pili, omba barua ya uzoefu kutoka kwa mkuu wako wa tiba, na umsaidie kuiandika kwa kumpa orodha ya kazi ulizozifanya: muda uliokaa wodini, maabara au chumba cha upasuaji mdogo, na vifaa ulivyotumia. Tatu, chukua hati ya kumaliza utumishi. Nne, kama ulikwenda katika ulinzi wa amani, iwe Darfur, Lebanoni, Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati, tafuta vyeti vya mafunzo uliyopewa kabla na wakati wa safari hiyo, kwa kuwa uzoefu wa kituo cha tiba cha kimataifa una uzito mkubwa kwa waajiri wa migodini na wa mashirika.

Tano, na hili limewakwamisha wengi kuliko yote, linganisha majina. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha taaluma, hati ya jeshi na kitambulisho cha NIDA lazima liwe moja, herufi kwa herufi. Mimi nilipoteza miezi minane kwa sababu cheti changu cha sekondari kilikuwa na majina mawili na hati za utumishi zilikuwa na matatu, na kila ofisi niliyofika ilinirudisha kwa nyingine. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usisubiri siku ya kuitwa kwenye usaili ndipo ugundue.

Zingatia pia umri. Matangazo mengi ya ajira za serikali huweka kikomo cha miaka 45, na huongeza kwamba aliyestaafishwa katika utumishi wa umma haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Askari anayetoka akiwa na miaka 40 na kitu, huku leseni yake ikiwa haijapatikana, anaweza kukuta mlango wa serikali umefungwa kabla hajaufikia. Sekta binafsi haina kikomo hicho, lakini ni vizuri ujue mapema unaelekea mlango upi.

Hatua ya tatu: Usajili na leseni

Usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili unakutambua kuwa mwanataaluma. Leseni inakuruhusu kutoa huduma kwa kipindi fulani, na huhuishwa. Kila kada ina baraza lake. Matabibu na maafisa tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 iliyowaunganisha na madaktari pamoja na kada shirikishi. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo lina mtihani wake kabla ya usajili. Wa maabara wana Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, wa dawa wana Baraza la Famasi, na wa mionzi nao wana baraza lao.

Wapo askari waliosajiliwa wakiwa kazini lakini wakaacha kuhuisha leseni, kwa kuwa kambini hakuna aliyewauliza. Kama wewe ni mmoja wao, huhitaji kuanza upya. Andika barua kwa baraza, eleza kipindi ambacho hukuhuisha, ambatisha barua ya uzoefu, na uulize deni la ada pamoja na alama za mafunzo endelevu unazotakiwa kuonyesha. Hapa Mwanza alama hizo hupatikana bila safari ndefu, kwa sababu Hospitali ya Kanda Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure huendesha mafunzo kazini kwa watumishi. Omba ruhusa ya kuhudhuria, na uhakikishe kuwa mafunzo hayo yametambuliwa na baraza lako kabla ya kulipa chochote.

Usikubali kuanza kazi "kwa muda" bila leseni, hata kama mwenye kituo ni jamaa yako na anakuhakikishia kwamba wakaguzi hawafiki. Siku mgonjwa akipata madhara, aliyemchoma sindano bila leseni ndiye atakayesimama peke yake.

Hatua ya nne: Kurudi darasani inapobidi

Mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Dkt. Eugene Stead alichukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini, akawaingiza katika mafunzo ya miaka miwili. Watatu wakahitimu mwaka 1967, na huo ukawa mwanzo wa kada ya msaidizi wa daktari, ambayo leo imeenea Marekani nzima. Nataja habari hii kwa sababu moja. Watu wale walikuwa wameshatibu majeruhi, na bado walikaa darasani miaka miwili. Kwao darasa lilikuwa njia ya kuupa uzoefu wao jina ambalo hospitali na sheria zingelikubali.

Kwa askari asiye na kada hapa nchini, angalia kwanza cheti chako cha kidato cha nne. Kozi ya utabibu hudai ufaulu katika Kemia, Baiolojia na Fizikia, pamoja na somo jingine lisilo la dini. Kama ulikosa somo moja, jisajili kuwa mtahiniwa wa kujitegemea na ulirudie. Nimemfahamu askari aliyerudia Kemia akiwa na miaka 36, akisoma jioni baada ya zamu, na leo ni mteknolojia wa maabara. Vyuo havipo mbali. Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya, CUHAS, kilichopo Bugando hutoa stashahada za maabara, dawa na mionzi licha ya shahada, na Sengerema kuna mafunzo ya afya ya muda mrefu. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza kuelekea Sengerema, limeondoa foleni ya kivuko, kwa hiyo mtu mwenye familia Mwanza anaweza kusoma au kufanya kazi ng'ambo ya ghuba bila kulala huko kila wiki. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimo katika orodha ya NACTVET, kwa maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi moja ikawa haijaidhinishwa.

Ukiona darasa halikufai, zipo njia zisizodai kada ya kitabibu. Mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hupitia mafunzo mafupi yanayosimamiwa na Baraza la Famasi. Fundi wa vifaa tiba anaweza kujengea juu ya ujuzi wa umeme alioupata jeshini. Mkufunzi wa huduma ya kwanza mahali pa kazi anahitajika na kila mwajiri anayefuata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Neno moja kuhusu kiinua mgongo: usikitumie chote kufungua duka la dawa katika mwezi wa kwanza. Kibali cha jengo, mtoa dawa mwenye sifa, friji, mtaji wa dawa na miezi ya mwanzo isiyo na wateja huzimeza fedha haraka sana. Fanya kazi kwanza katika duka la mtu mwingine kwa miezi sita, ujue ni dawa zipi hutoka na zipi huisha muda rafuni.

Hatua ya tano: Andika wasifu unaosomeka na raia

Muuguzi kiongozi au ofisa utumishi anayesoma maombi yako hajui tofauti ya koplo na sajenti, wala hajui kombania ina watu wangapi. Cheo chako kitaje mara moja, kisha eleza kazi. Badala ya kuandika "Nilikuwa msimamizi wa tiba wa kombania", andika: "Kwa miaka 6 nilihudumia wagonjwa wa nje katika zahanati yenye vitanda 8, nikichukua historia, kupima malaria kwa kipimo cha haraka, kushona majeraha, kuweka dripu na kuandaa rufaa." Badala ya "Nilishiriki operesheni", andika kwamba ulihudumia majeruhi wa risasi na ajali, ukadhibiti damu kwa turnikei, yaani mkanda wa kubana mkono au mguu, huku ukiandika saa ya kuifunga, ukawasafirisha. Hospitali inayopokea majeruhi wa bodaboda kila usiku inaielewa sentensi hiyo mara moja. Usitaje idadi ya askari, mahali pa operesheni wala mpangilio wa kikosi. Hayo si ya kuandikwa, na mwajiri makini hatayauliza.

Wadhamini wawe watatu. Mmoja awe mkuu wako wa tiba, lakini weka namba yake binafsi, kwa kuwa maafisa huhamishwa. Wa pili awe raia wa taaluma yako. Kwa ajira za serikali, maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal kwa kutumia namba ya NIDA, na hayalipiwi. Anayekuomba fedha ili "akusukumie jina" ni tapeli. Usaili huwa wa mchujo wa kuandika kwanza, na hapo askari wengi huangukia, kwa sababu wanayajua mambo kwa mikono na hawajashika kalamu miaka mingi. Soma upya miongozo ya Wizara ya Afya ya matibabu, hasa malaria, uzazi na magonjwa ya watoto.

Hatua ya sita: Mahali pa kuomba

Wengi hupeleka barua Bugando na Sekou Toure, kisha wakangoja. Nakushauri uanzie pembeni. Visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome vina vituo ambavyo watumishi wengi hawapendi kukaa, na mtu aliyezoea kuishi mbali na mji, akifanya kazi na vifaa vichache na kuamua kwa utulivu usiku bila mkubwa wa kumuuliza, ana faida huko kuliko mhitimu wa mjini. Migodi ya Geita na Bulyanhulu huhitaji watu wa huduma za dharura, ama moja kwa moja ama kupitia kampuni za zabuni, na huthamini nidhamu ya zamu na ya usalama ambayo unayo tayari. Viwanda vya minofu ya sangara vinahitaji wahudumu wa huduma ya kwanza. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, huajiri watu wa maabara na wa kukusanya sampuli kwa mikataba ya miradi. Mikataba hiyo ni mifupi, lakini humfundisha mtu uandishi wa kumbukumbu kwa kiwango cha juu.

Kama leseni unayo na ajira haijapatikana, andika barua ya kujitolea kwa Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Halmashauri. Omba makubaliano ya maandishi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, la sivyo miaka miwili ya jasho lako haitaonekana popote.

Hatua ya saba: Jifunze mgonjwa wa kiraia

Tuseme umeajiriwa. Mgonjwa uliyemzoea alikuwa kijana wa miaka 25, mwenye afya, anayekuja kwa amri, anayejibu "ndiyo afande" na kumeza dawa mbele yako. Asubuhi ya kwanza katika kituo cha afya cha Igoma au Buzuruga utamkuta mtoto wa miezi tisa mwenye degedege, mama mjamzito mwenye presha ya juu na maumivu ya kichwa, mzee wa kisukari aliyeacha dawa kwa kuwa nauli iliisha, na kijana mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa. Kati ya hao wanne, huenda jeshini ulimwona mmoja, au hukumwona hata mmoja.

Kwa hiyo, katika mwezi wa kwanza, omba kwa hiari upangiwe kliniki ya watoto na wodi ya wazazi. Jifunze kukokotoa dozi kwa uzito, maana mkono uliozoea dozi ya mtu mzima ni hatari kwa mtoto wa kilo 7. Jifunze dalili hatarishi za mjamzito, namna ya kuandaa magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba, na namna ya kusoma patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Mwombe mkunga mzoefu akufundishe, na umwite mwalimu wako, hata kama umri wake ni mdogo kuliko wako. Weka akilini namba 115 ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura.

Jifunze pia magonjwa ya mwambao wetu. Kichocho kimeenea kwa wavuvi na watoto wanaoogelea ziwani, kipindupindu hurudi katika mialo isiyo na vyoo, na homa ya Marburg ilitokea Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Katika jambo hili la mwisho askari wa tiba ana nafasi nzuri, kwa sababu kuvaa na kuvua vifaa vya kinga kwa utaratibu, bila kuruka hatua hata ukichoka, ni nidhamu iliyomo mwilini mwake.

Kisha kuna kuzungumza. Sauti ya amri humfunga mgonjwa mdomo. Mama mtu mzima kutoka Magu au Kwimba, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, msalimie "shikamoo", na kama ni asubuhi ongeza salamu ya Kisukuma, "mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje, mama. Utaona mabega yake yakishuka na ugonjwa halisi, ule aliokuwa akiuficha, ukianza kusimuliwa. Usimuulize mbele ya foleni. Mwache amalize sentensi. Akisema dawa alizimimina kwa kuwa jirani alimwambia zinaua, usimkaripie. Muulize jirani alisema nini, kisha umweleze. Jeshini mgonjwa aliyekaidi alipelekwa kwa mkubwa wake, ila hapa akikaidi anarudi nyumbani, na huenda usimwone tena.

Mwisho ni kumbukumbu. Vituo vya umma huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: kitabu namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito, namba 12 kwa wanaojifungua, na vituo vingi vina mfumo wa kompyuta pia. Mgonjwa wa bima asipojaziwa fomu sawasawa, kituo hakilipwi. Omba siku mbili za kukaa na mtunza kumbukumbu kabla hujaanza kuona wagonjwa. Mwezi wa tatu ukiisha, mwombe Mganga Mfawidhi akupitie: nini umekifanya vizuri, nini bado. Andika majibu yake kwenye daftari, na mafunzo utakayoomba kwa ajili ya alama za leseni ya mwaka unaofuata uyachague kutoka katika orodha hiyo.